Kiwanja cha Kona Kina Milango Miwili

Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita, kazi za umuganda zilipokwisha na majembe yakawekwa kando, wakazi wa mtaa wetu hapa Kigali tuliketi kivulini kama ilivyo desturi ili kujadili mambo yetu. Ajenda ilikuwa fupi: mfereji ulioziba, ada ya ulinzi wa usiku, na mwishoni, "mengineyo". Ninyi wanafunzi wangu mnalijua neno hilo. Huandikwa mwisho wa orodha kwa unyenyekevu, nalo aghalabu ndilo linalobeba ugomvi. Siku ile mengineyo yalitumia saa nzima na zaidi.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mama mmoja wa mtaa wetu, mjane na mstaafu, anamiliki kiwanja kilichopo pale njia mbili zinapokutana. Nyumba yake ya vyumba vitatu imesimama upande wa juu, na upande wa pili amebakiwa na bustani ya migomba na maharage. Ameomba kibali cha kujenga hapo jengo dogo la nyumba mbili za kupangisha. Watoto wake wameondoka, pensheni yake haitoshi, na mji unatafuta nyumba. Hesabu yake haikuwa ngumu kuielewa.

Hata hivyo, barua ya kupinga ilikuwa tayari imeandikwa. Ilisema kwamba mtaa wetu ni wa "makazi tulivu", kwamba wapangaji "hawana uchungu na mtaa", kwamba magari yataongezeka, na kwamba tukiruhusu kona moja, kona zote zitafuata. Barua ilizungushwa kutoka mkono hadi mkono. Watu 11 walitia saini. Naungama mapema, kabla hamjaambiwa na mwingine: saini ya nne ilikuwa yangu.

Makala haya yanaeleza kwa nini nilirudi siku tatu baadaye kuifuta, na kwa nini nadhani kila raia anayejifunza lugha anapaswa pia kujifunza kusoma ramani ya kiwanja.

Tuanze na maneno

Mwalimu wa lugha hawezi kuanza mahali pengine. Kiwanja ni kipande cha ardhi kilichopimwa na kuwekewa mipaka kwa ajili ya kujengwa. Kiwanja cha kona ni kile kinachopakana na barabara pande mbili zinazokutana. Neno "ukanda", ambalo wingi wake ni "kanda", kwa asili ni utepe au mshipi; wapangaji wa miji wamelichukua ili kutaja sehemu ya mji iliyotengewa matumizi fulani: makazi, biashara, viwanda, kilimo, au hifadhi ya ardhi oevu. Na "mpango kabambe" ni ile ramani kubwa, pamoja na kanuni zake, inayosema ukanda gani uko wapi na nini kinaruhusiwa ndani yake.

Angalieni pia neno "mpangaji". Mpangaji ni mtu anayekaa katika nyumba ya kukodi. Mpangaji wa miji ni mtaalamu anayechora ramani ya mji. Kiswahili kimewapa wote wawili jina moja, na kwa bahati mbaya mara nyingi wa pili huchora bila kumkumbuka wa kwanza.

Kigali unao mpango kabambe uliorekebishwa na kuidhinishwa mwaka 2020, nao unatazama mbele hadi mwaka 2050. Kanda za makazi zimepewa herufi R na tarakimu, na tarakimu hizo hupanda kadiri makazi yanavyozidi kusongamana. Mtu mwenye namba ya kiwanja anaweza kuangalia kwenye intaneti na kujua kiko katika ukanda upi. Jambo hili si dogo. Zamani ramani ya mji ilifungiwa ofisini. Leo mwananchi anaweza kuifungua akiwa nyumbani kwake. Lakini mlango ukiwa wazi na mtu asiingie, faida yake ni nini? Katika mkutano wetu, kati ya watu waliosema kwa sauti kubwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameifungua. Nami nilikuwa mmoja wao.

Kwa nini kona si sawa na katikati

Chukueni daftari tupige hesabu ndogo. Tuseme kiwanja kina upana wa mita 20 na urefu wa mita 30, yaani mita za mraba 600. Tuseme kanuni inataka jengo liachane na barabara kwa mita 3, na liachane na mpaka wa jirani kwa mita 2. Hizi ni tarakimu za mfano tu. Kila mji una zake.

Kiwanja kilichopo katikati ya safu kina barabara upande mmoja na majirani pande tatu. Eneo linalobaki kwa ujenzi ni upana wa mita 16 kwa urefu wa mita 25, yaani mita za mraba 400. Kiwanja cha kona kina barabara pande mbili na majirani pande mbili. Eneo linalobaki ni mita 15 kwa 25, yaani 375. Mwenye kona basi hupoteza mita za mraba 25 kwa sababu barabara ya pili nayo inadai nafasi yake.

Lakini tazameni anachopata. Kwanza, ana milango miwili ya kwenda duniani. Nyumba ya nyongeza inaweza kufunguka kwenye barabara ya pili, na wakazi wake wasipite uani kwa mtu. Pili, mwanga na hewa huingia kutoka pande mbili ambazo hakuna atakayeziba, kwa kuwa barabara haijengwi ghorofa. Tatu, idadi ya majirani wanaoguswa na ukuta wake ni wawili badala ya watatu. Mji ukitaka kuongeza nyumba bila kuwabana watu, kona ni mahali pa busara pa kuanzia.

Kona ina wajibu wake pia. Pale njia mbili zinapokutana, dereva, mwendesha pikipiki na mtoto anayetoka shule wanahitaji kuonana kabla hawajakutana. Ukuta mrefu uliojengwa hadi kwenye ncha ya kona huwafumba macho wote watatu. Kwa hiyo ni haki kanuni idai kona iachwe wazi au ukuta wake uwe mfupi, na geti la magari liwekwe mbali na makutano. Sharti la namna hiyo halimzuii mtu kujenga. Linamwambia tu ajenge vipi.

Mji haupanuki bure

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,745,555 katika Mji wa Kigali, na watu 13,246,394 katika Rwanda yote. Nchi yetu ina wastani wa watu 503 katika kila kilomita ya mraba. Ni chache nchi za bara la Afrika zinazosongamana kuliko hivyo. Katika nchi ya namna hii, kila nyumba ambayo hatukuiruhusu ndani ya mji itajengwa mahali pengine, na mahali penyewe aghalabu ni shamba la mtu, au mteremko mkali, au ukingo wa bonde ambapo maji yalikuwa na njia yake kabla yetu.

Nani hulipia umbali huo? Katika darasa langu la jioni yumo muuguzi anayejifunza Kiswahili ili aweze kuwahudumia wagonjwa wanaotoka ng'ambo ya mpaka. Hufika akiwa amechelewa, hukaa karibu na mlango, na huondoka robo saa kabla ya wenzake ili awahi basi la kwanza kati ya mawili yanayomfikisha nyumbani. Nilimwuliza kwa nini asipange karibu na kazi yake. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, nyumba za karibu ni kubwa kuliko familia yangu na kuliko mshahara wangu." Jibu hilo lina sarufi safi na uchumi safi. Mitaa yenye nyumba kubwa peke yake humweka mbali mtu wa kipato cha kati, hata kama hakuna anayemchukia.

Sitaki kuwadanganya. Nyumba mbili kwenye kona ya mama yule hazitamaliza uhaba wa nyumba Kigali. Wala hazitamfaa mtu maskini kabisa, kwa sababu jengo jipya halipangishwi kwa bei ya chini. Kwa huyo, serikali na mji wana wajibu mwingine ambao kona haziwezi kuubeba. Ninachosema ni kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kwamba mtaa unaokataa haba ya kwanza hauna haki ya kulalamika kibaba kinapobaki kitupu.

Ukanda una historia

Katika barua yetu ya kupinga kulikuwa na maneno "kulinda hadhi ya mtaa". Ninyi mnaosoma Kiswahili mnapaswa kujua kwamba lugha hii inakumbuka vizuri hadhi za mitaa zilivyogawanywa.

Fikirini maneno matatu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki maneno haya yalitaja nani anakaa wapi, na ukubwa wa kiwanja chake. Dar es Salaam, utawala wa Wajerumani na kisha wa Waingereza uligawa mji katika kanda tatu za ujenzi. Kanuni hizo zilizungumzia aina za majengo: hapa majengo ya namna ya Kizungu, hapa ya makazi na biashara, hapa vibanda vya wenyeji. Mtu angeweza kuzisoma akasema kwamba hazikumbagua yeyote, kwani zilitaja kuta na mapaa. Lakini kila mkazi alijua kuta zipi zilikuwa za nani.

Hapa kwetu pia, katika enzi za Wabelgiji, Waislamu na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili walitengewa makazi yao upande wa Biryogo na Nyamirambo, mahali palipoitwa Kambi ya Waswahili. Leo Nyamirambo ni moja ya sehemu za mji zenye uhai mkubwa, na lugha tunayojifunza hapa ilihifadhiwa katika vichochoro vyake. Watu waliowekwa kando ndio waliotutunzia hazina hiyo.

Mambo haya hayakuishia Afrika. Nchini Marekani, mwaka 1917, mahakama ya juu kabisa ilibatilisha sheria ya mji wa Louisville iliyokuwa ikigawa mitaa kwa rangi ya watu. Ikadhaniwa kwamba tatizo limekwisha. Lakini miji mingi ilibaki na kanuni nyingine iliyoonekana haina hatia: nyumba moja tu katika kila kiwanja, na kiwanja kiwe kikubwa. Asiyeweza kununua kiwanja kikubwa hakuhitaji kufukuzwa. Bei ilimzuia mlangoni. Ilichukua miongo mingi kabla miji haijaanza kuilegeza kanuni hiyo. Mji wa Portland, katika jimbo la Oregon, ulianzia kwenye kona. Kwa miaka mingi uliruhusu kiwanja cha kona kiwe na nyumba mbili zilizoungana hata katika mitaa ya nyumba mojamoja, kwa sharti kwamba kila mlango mkuu uelekee barabara yake. Mpita njia kwenye barabara ya kwanza huona nyumba moja. Mpita njia kwenye barabara ya pili huona nyumba moja. Na familia mbili hulala chini ya paa moja bila kugombana. Mwaka 2019 jimbo zima likatunga sheria inayoitaka miji yenye zaidi ya watu 10,000 iruhusu nyumba mbili mahali popote panaporuhusiwa nyumba moja ya peke yake.

Siwaambii tuige Portland. Milima yetu ni yetu na mvua yetu ni yetu. Nachukua funzo moja tu: kanuni inayozungumzia majengo yaweza kuwa kanuni ya kuchagua watu kwa siri. Kwa hiyo, tunapoisoma kanuni yoyote, haitoshi kuuliza inataja nini. Tuulize inazuia madhara gani. Kanuni inayotaka kona iwe wazi inazuia ajali, jibu lipo. Kanuni inayotaka ukuta uachane na mpaka inazuia moto kuruka na inaruhusu hewa kupita, jibu lipo. Na kanuni inayosema "pasiwe na wapangaji", inazuia madhara gani? Niliporudi kuisoma barua niliyoitia saini, sikupata jibu ambalo ningethubutu kulitamka mbele ya yule muuguzi.

Kile ambacho barua haikusema

Sasa nifike kwenye siku niliyokwenda kwa mama yule. Nyumba yangu iko upande wa chini wa kiwanja chake. Kati yetu kuna ukuta wa mawe unaozuia udongo, na ukuta huo ndio unaoilinda jikoni yangu. Nilikwenda nikiwa na aibu ya saini yangu. Yeye alikulia Nyamirambo, kwa hiyo husema nami Kiswahili kilicho bora kuliko changu.

"Karibu, Mwalimu," alisema. "Umekuja kusaini nyingine, au safari hii umekuja kusoma?"

Sikuwa na la kujibu. Alinikalisha, akaleta chai, kisha akatandaza ramani mezani. Kumbe siku ya mkutano aliileta ndani ya mfuko wake, akasubiri mtu aiulize, asipatikane hata mmoja. Tulikuwa tumejadiliana saa nzima juu ya jengo ambalo hakuna aliyetazama mchoro wake.

Nilitazama. Jengo lilikuwa la ghorofa moja juu ya nyumba ya chini, wala halikuzidi nyumba za jirani. Milango ilielekea njia ya pili. Nafasi za magari mawili zilikuwa ndani ya kiwanja. Ncha ya kona iliachwa wazi, na ukuta ulishushwa hapo. Shimo la maji taka lilikuwa mbali na mpaka wangu. Maelezo ya ukanda yaliyoambatishwa yalionyesha kwamba jengo la pili linaruhusiwa kwa masharti, na masharti karibu yote yalikuwa yametimizwa.

Nasema karibu yote, kwa sababu ndipo nilipoona kitu. Paa jipya lilikuwa na eneo la mita za mraba 120. Kwenye pembe ya mchoro kulikuwa na tangi la lita 5,000 la kukinga maji ya mvua. Vizuri. Lakini mwalimu aliyezoea kusahihisha madaftari hawezi kuacha hesabu bila kuikamilisha. Mvua ya milimita 40, ambayo katika msimu wa masika huweza kunyesha alasiri moja, ikianguka juu ya paa la mita za mraba 120 hutoa lita 4,800. Tangi limejaa. Mvua ya kesho yake itakwenda wapi? Nilifuata mstari wa bomba la ziada kwa kidole. Ulishuka, ukakata bustani, ukaishia juu ya ukuta wangu wa mawe.

Hilo ndilo lilikuwa dhara la kweli. Si makelele ya watoto, si wageni, si hadhi. Ni maji, katika mji wa milima, yakielekezwa kwenye msingi wa nyumba ya mtu. Na barua yetu ya watu 11, pamoja na maneno yake yote mazito, haikulitaja hata kwa herufi moja. Kama ofisi ingeipokea na kuitupa, kama ilivyostahili kutupwa, bomba lile lingepita bila kuulizwa.

Nilimwonyesha. Aliweka miwani yake, akafuata mstari kama nilivyoufuata mimi, kisha akanyamaza kidogo. "Aliyechora hakukaa chini ya mlima," alisema. Wiki hiyo hiyo alimwita mchoraji. Bomba likageuzwa kwenda kwenye mfereji wa barabara ya pili, na pakaongezwa shimo la mawe la kunyonya maji bustanini. Tofauti ya gharama haikuwa kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tuliuziba ufa ungali mstari wa kalamu.

Nilikwenda kufuta saini yangu, kisha nikaandika barua yangu mwenyewe kwa ofisi inayohusika. Ilikuwa na sentensi tatu: kwamba mimi ni jirani wa chini, kwamba nauunga mkono ujenzi, na kwamba naomba mchoro mpya wa maji uwe sehemu ya kibali, ili mjenzi asije akarudi kwenye ule wa zamani.

Majirani zangu walinilaumu. Mmoja wao, mzee ninayemheshimu sana, aliniambia, "Mwalimu, umetuacha peke yetu." Namwelewa. Alinunua kiwanja chake akiamini kwamba anachokiona dirishani hakitabadilika. Lakini hati ya kiwanja humpa mtu haki juu ya ardhi iliyo ndani ya mipaka yake. Haimpi haki juu ya kila anachokiona kutoka dirishani. Na hofu yake ya tatu, kwamba kona zote zitafuata, mimi naiona kuwa ndiyo haki yenyewe. Kama mama yule amepata ruhusa kwa kutimiza masharti, basi na mwenye kona nyingine apate kwa masharti hayo hayo. Kanuni inayomfaa mmoja na kumnyima mwingine aliye katika hali ileile ni upendeleo.

Ninachopendekeza

Kwanza, mtaa wowote unapotaka kuupinga au kuuunga mkono ujenzi, mchoro utandazwe kabla ya hotuba ya kwanza. Asiyeusoma asikilize.

Pili, masharti ya viwanja vya kona yaandikwe kwa lugha ambazo watu wanazisema. Katika nchi yetu Kiswahili ni lugha rasmi tangu mwaka 2017. Basi na kitumike kueleza mambo yanayomgusa mtu nyumbani kwake, kisiishie kwenye nembo na sherehe.

Tatu, kila ombi la kuongeza nyumba katika mji wa milima lionyeshe safari ya maji hadi mwisho wake. Kuonyesha tangi hakutoshi. Lionyeshwe bomba la ziada linakoelekea.

Nne, jirani apewe muda unaojulikana wa kusema, na aseme juu ya madhara yanayopimika: maji, mwanga, moto, usalama wa njia. Suala la nani atalala katika vyumba hivyo lisiwe sehemu ya mjadala.

Kibali bado hakijatoka ninapoandika haya, na sijui kama kitatoka. Uamuzi si wangu wala si wa mkutano wa mtaa. Lakini nimejifunza kwamba uraia mwema huanza na kazi tunayoifanya darasani kila siku: kusoma maandishi hadi mwisho kabla ya kutoa maoni. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Zoezi lenu la juma hili, basi, halimo kitabuni. Nendeni kwenye kona moja ya mtaa wenu. Tazameni barabara zake mbili, kuta zake, mahali maji yanapotokea na yanapokwenda. Kisha niandikieni ukurasa mmoja kwa Kiswahili fasaha: je, hapo pangefaa kuongezwa nyumba? Kama jibu ni hapana, nitajieni dhara linalopimika. Kama ni ndiyo, nitajieni masharti. Yeyote atakayeandika "hadhi ya mtaa" nitamrudishia daftari lake.